Kimchi ya Kumwonjesha Mama Timothy

Tangu watoke nyumbani kwa mama yake madamu, Sellah hakuwa ameiachia ile chupa hata mara moja. Alikuwa ameipakata mapajani, imeviringishwa taulo la jikoni na mifuko miwili ya plastiki, na kila gari lilipopanda tuta alikibonyeza kifuniko kwa kiganja. Alikaa kiti cha nyuma upande wa kulia, abaya imemfunika mpaka vidole vya miguu, pahali pale pale alipokaa siku zote akienda sokoni na madamu. Mbele yake Alfayo alishika usukani kwa mikono miwili. Habari za kukaa pamoja kiti cha mbele hawakuzithubutu, hata hapa Jeddah ambako hakuna aliyewajua, hata Ijumaa mchana ambapo mji mzima ulikuwa umelala usingizi wa wali na nyama.

"Umenyamaza," Alfayo alisema. Walizoea kuzungumza kupitia kioo cha juu. Kila taa ilipokuwa nyekundu macho yake yalimtafuta humo.

"Naomba."

"Unaomba nini?"

"Isifure. Ikifura itamwagika, ikimwagika gari litanuka, na madamu ana pua."

Alfayo alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. "Dada yangu si mtu mbaya, Sellah."

"Sijasema ni mbaya. Si ni wewe uliniambia amefukuza wasichana wawili uliompelekea?"

"Mmoja. Yule mwingine alijiendea mwenyewe."

"Baada ya kuongea naye."

Taa iligeuka kijani, Alfayo akaondoka polepole, na Sellah akarudi kwenye maombi yake. Asidhaniwe alikuwa mwoga wa watu. Msichana aliyeacha mashamba ya chai ya Litein akapanda ndege peke yake kwenda nyumba ya watu asiowajua lugha wala mila, huyo moyo anao. Ila moyo huo alikuwa amemkabidhi mtu, na mtu huyo alikuwa na dada.

Ilianza Riyadh, katika nyumba moja nyuma ya majengo marefu ya Olaya. Jikoni mlikuwa na kidirisha kilichotazama uani, na ng'ambo ya ua kulikuwa na chumba cha dereva na mlinzi. Chakula cha wanaume hao kilipitia kidirishani kwenye sinia, na sheria ya madamu ilikuwa fupi: sinia liende, sinia lirudi, maneno mafi, yaani hakuna. Simu ya Sellah ilikaa kwenye droo ya madamu mpaka Ijumaa. Alfayo alikuwa mkono unaopokea sinia, na shati la buluu, na "asante" iliyosemwa chinichini.

Kisha Layan, binti wa nyumba, alizama katika tamthilia za Kikorea. Alizama kwelikweli, mpaka akawa anainama akisalimia wageni. Siku moja akamtuma Alfayo kwenye duka la vyakula vya Asia alete kabichi ndefu, unga wa pilipili ya Kikorea na mchuzi wa samaki, akaweka simu juu ya meza ya jikoni, na yeye na Sellah wakaifuata ile video hatua kwa hatua. Kabichi ilitiwa chumvi ikalala, ikaoshwa, ikapakwa jani kwa jani pilipili iliyochanganywa na kitunguu saumu, tangawizi na uji mwepesi wa mchele, ikashindiliwa chupani iachwe ichachuke. Layan alionja, akapiga picha, akahamia jambo lingine. Sellah ndiye aliyebaki na chupa, na ulimi wake uliokuwa umechoka wali na kuku ukaamka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Chakula kitamu ukila peke yako kinakuwa nusu. Sellah akaweka kijiko kimoja kwenye ukingo wa sahani ya Alfayo, kando ya ugali na mayai. Sinia lilirudi limekwanguliwa. Nehemiah, yule mlinzi, ya kwake aliirudisha ilivyo.

Basi hapo ndipo maneno yao yalipopatikana. Kimchi changa, ambayo bado inalia menoni, aliiweka na kabsa, ule wali wa nyama wenye mafuta, ili ikate mafuta. Iliyokaa ikachacha sana aliikaanga na wali wa jana, akaiangushia yai juu. Asubuhi za ful, maharage ya kuponda, aliitia kidogo tu, imekatwa ndogondogo. Siku aliyopata viazi vitamu sokoni alivichemsha, akavipeleka vikiwa vya moto na kimchi ya baridi kutoka frijini, akasimama nyuma ya pazia la kidirisha kuangalia kama atatabasamu. Alitabasamu. Halafu akaja mpaka kidirishani na kusema sentensi yake ya kwanza ndefu.

"Samahani, dada. Laban ipo?"

Laban ni yale maziwa mepesi ya kuchacha ambayo nyumba za huko hazikosi. Sellah alimmiminia gilasi ya baridi, akarudi kwenye sinki akiwaza: mwanamume huyu ana ulimi. Kimchi na laban. Hata Wakorea wenyewe hawajalifikiria hilo. Tangu siku hiyo hakuna sinia lenye kimchi lililotoka bila gilasi ya laban pembeni, na kila lilipokuwa likirudi, gilasi ilikuwa imeoshwa. Siku za Ijumaa simu zikiwa mkononi waliandikiana. Asante ya viazi. Asante ya kuosha gilasi. Kutoka gilasi wakafika kwenye mengine, mpaka Alfayo akaandika kwamba akienda leave anataka kufika Litein na wazee wake, na Sellah akalisoma neno hilo chooni, maji yakiwa wazi ili asisikike akilia.

Sasa leave yenyewe ilikuwa imefika. Madamu alikuwa na harusi ya mdogo wake Jeddah, wakashuka wote kwa gari, na Alfayo alikuwa aondokee papo hapo Jeddah wiki ijayo. Nyumbani kwao Maragoli mama yake alikuwa amekwisha kumtazamia msichana wa jirani, Rael, mwenye heshima zake, asiye na kosa lolote. Na huyo mama hainui mguu, wala wazee hawaiti kikao, mpaka Jerioth, yule dada aliyeitwa Mama Timothy, aseme. Jerioth ndiye aliyeacha shule ili Alfayo asome. Jerioth ndiye aliyesema kwenye simu, kwa sauti isiyo na baridi wala moto: "Mlete nimwone. Na hicho chakula chake akilete."

Kwa madamu, Sellah alikuwa amesema anakwenda kumwona shangazi yake. Madamu, ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye gauni la harusi, alisema sawa, mradi gari liwe limerudi kabla ya sala ya alasiri.

*

Ghulail, mtaa alikokaa Jerioth, ilikuwa imebanana. Alfayo aliegesha karibu na duka la Msomali anayeuza nyama ya ngamia, wakapita kwa miguu kati ya kuta zilizokaribiana, yeye mbele, Sellah nyuma. Harufu ya maandazi na samaki wa kukaanga ilitoka madirishani. Juu ya ngazi ya giza palikuwa na mlango wa kijani, na mlangoni pamesimama mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani na macho ya Alfayo. Sellah alishtuka kuyaona macho yale kwenye uso mwingine, yasiyocheka.

"Karibuni."

"Asante, Mama Timothy. Habari ya hapa?"

"Nzuri. Hiyo ndiyo hiyo?"

Alikuwa akiitazama chupa.

Jerioth alifanya usafi katika shule ya watoto siku za kazi, na kila Ijumaa aliwapikia Wakenya wa mtaa huo ugali na chapati kwa kuuza. Leo hakuuza. Alikuwa amewaambia wateja wake waende kwingine, na kwenye meza ndogo palikuwa na ugali, kuku, mboga, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu, vyote vimefunikwa, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma ambacho kwa hakika hakikuwa cha kila siku. Sellah alipokiona kitambaa kile alijua mambo hayakuwa mzaha. Alfayo alikalishwa kitandani kando ya dada yake. Sellah alionyeshwa kiti cha karibu na mlango.

Jerioth aliomba. Aliombea safari, akawaombea wagonjwa wa nyumbani, akaomba kila kilichofichika kifunuliwe. Kwenye neno hilo Sellah alifungua jicho moja, akakuta Alfayo naye amefungua lake.

"Fungua tuone," Jerioth alisema baada ya amina.

Sellah aliitoa mifuko, akalifungua taulo. Tangu Riyadh, kila walipoegesha kituo cha mafuta, alikuwa akikilegeza kifuniko kidogo ili hewa itoke, lakini usiku wa jana alilala na watoto wa wageni na asubuhi aliamkia vyombo, na chupa hakuikumbuka. Alikizungusha kifuniko. Ikatoka sauti, psss, ndefu, kisha maji mekundu yakapanda kwa kasi, yakafurika ukingo na kuteremka juu ya kile kitambaa cheupe.

Mapovu yalikuwa bado yanapanda mdomoni mwa chupa, moja moja. Harufu ya kitunguu saumu na uchachu ikajaa chumba kizima.

"Kinapumua," Jerioth alisema.

"Kinachacha tu, Mama Timothy. Pole sana kwa kitambaa, nitakifua mimi mwenyewe. Ni kama uji wa kuchacha. Hata kwetu tuna mursik, maziwa yanakaa kwenye kibuyu..."

"Mursik naijua. Mursik haina hii rangi."

"Ni pilipili."

"Mm."

Jerioth alichukua kitambaa kingine akapangusa meza, taratibu, bila kukasirika, na utaratibu huo ulimtisha Sellah kuliko hasira. Alipomaliza alikaa akaweka mikono magotini.

"Mimi sizunguki. Nehemiah ni mtu wa kwetu, tumesali kanisa moja. Amenipigia simu. Amesema ndugu yangu halali kabla hajala hiki kitu. Amesema kuna siku kilikosa, akasimama kwenye dirisha lenu akiuliza kama mtu amefiwa. Ni uongo?"

"Si uongo," Alfayo alisema, "lakini dada—"

"Sijakuuliza wewe. Sellah, nitakuuliza mara moja, na usinijibu kwa hasira, kwa maana mimi siulizi kwa hasira. Umemwekea nini ndugu yangu ndani ya hii chupa?"

Sellah alihisi masikio yakipata moto. Neno lenyewe halikutamkwa na halikuhitaji kutamkwa. Alikuwa ameyasikia mambo hayo tangu utotoni, mwanamume fulani amelishwa, haoni, hasikii, mke amemtia mfukoni. Hakuwahi kufikiri siku moja atakaa mbele ya meza na kuhesabiwa miongoni mwa hao.

"Kabichi," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Kabichi, chumvi, pilipili, saumu, tangawizi, na mchuzi wa samaki. Na uji wa mchele. Niliitengeneza Layan akiniona. Madamu anaijua. Hata mimi naila, aki ya Mungu, naweza kula sasa hivi mbele yako."

"Wewe ukila hainisaidii. Aliyetengeneza huwa haimdhuru."

"Jerioth." Alfayo alikuwa amesimama.

"Keti."

Akaketi. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, dereva wa magari makubwa ya watu, na aliketi.

"Ngoja nikwambie kwa nini nauliza," Jerioth alimwambia Sellah, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka kidogo. "Huyu nimemlea mimi. Mama akienda shamba, huyu alikuwa mgongoni kwangu. Namjua tumbo lake kuliko anavyolijua. Alfayo hali pilipili. Akiwa mdogo ukikosea ikaguswa kwenye supu, analia, anashikwa na kwikwi mpaka tunampiga mgongo. Nilikuwa nampikia sufuria yake ndogo, kando. Amekuwa mkubwa ni hivyo hivyo, hata kachumbari anachokonoa. Leo naambiwa anakula bakuli zima la pilipili, asubuhi na jioni, na akikosa anasimama dirishani. Sasa wewe ungekuwa mimi ungefikiria nini? Ulimi wa mtu unabadilika bure?"

Sellah alikuwa ameacha kumsikiliza Jerioth. Alikuwa anamtazama Alfayo. Alfayo alikuwa anatazama sakafu.

"Hupendi pilipili?" aliuliza.

Alfayo alisugua goti lake kwa kiganja.

"Alfayo. Hupendi pilipili?"

"Kula," Jerioth alisema. Alimkatia ndugu yake tonge la ugali, akavuta chupa, akachota kijiko kizima cha kimchi akakiweka kando yake kwenye sahani. "Kula mbele yangu. Na hapa kwangu hakuna laban."

Kwa hiyo Nehemiah hata hilo la laban alikuwa amelisimulia. Alfayo alimtazama dada yake, kisha akamtazama Sellah, mtazamo mfupi wa mtu anayeomba radhi mapema. Akanawa mikono. Akalibonyeza tonge, akazoa nalo kimchi yote, akatia mdomoni.

Alitafuna. Mwanzoni haikuonekana kitu. Kisha mshipa ukasimama kwenye paji la uso, jasho likatoka chini ya macho, na macho yenyewe yakajaa maji. Akameza. Kwikwi ikamshika palepale, moja, ya pili, kifua kizima kikiruka. Jerioth hakumsogezea maji. Alfayo akakata tonge lingine, akachota kimchi tena, mwenyewe, akala.

"Acha," Sellah alisema. "Acha, please."

"Niko sawa."

"Huko sawa."

"Ni tamu?" Jerioth aliuliza.

"Inachoma." Kwikwi. "Inachoma, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hayo maziwa?"

"Ya kuzimia moto."

Sellah aliitazama chupa. Viazi vyote vile. Wali wote ule wa kukaanga aliouamkia alfajiri, yai alilolipasua kwa uangalifu ili kiini kisipasuke, nyakati alizosimama nyuma ya pazia akimwona akitabasamu na kujisifu moyoni kwamba amempata mwenzake wa ulimi. Na Alfayo kule chumbani alikuwa anaungua. Wawili wao walikuwa na kitu kimoja tu walichokijua wao peke yao, na kitu hicho alikuwa amekijua Sellah peke yake. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alisimama, akachukua kifuniko, akaanza kukifunga kwenye chupa, na kwa sababu machozi yalimzuia kuona alikifunga upande.

"Nisamehe, Mama Timothy," alisema. "Sikumwekea kitu. Lakini nimemuunguza bila kujua, na mtu asiyejua hilo kwa muda wote huo labda hajui mengine pia. Acha nirudi kwa gari."

"Sellah, keti," Alfayo alisema.

"Ungeniambia. Neno moja tu, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kuleta."

"Si ningeacha, ndiyo. Ningekuletea kitu unachopenda."

"Ungeniletea wali." Kwikwi ilimkata, akasubiri ipite. "Wali ulikuwa wa madamu. Kuku alikuwa wa madamu. Nehemiah alipata wali, mimi nikapata wali, sahani mbili sawasawa. Hii ilikuwa kitu pekee kwenye hiyo sahani kilichotoka kwako. Siku iliyokosa nilidhani umekasirika, ama umeugua, ama wamekupeleka nyumba nyingine. Ndiyo nikasimama dirishani. Sikuwa natafuta kabichi, Sellah."

Nje mtu alipita akiburuta mtungi wa gesi kwenye ngazi. Jerioth alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta. Alipougeuza tena, ukali wake ulikuwa umelegea, ingawa ulikuwa bado haujatoka.

"Mtu aliyelishwa," alisema polepole, akijisemea, "hajui. Anakula anaona tamu. Hawezi kukwambia inachoma." Akamtazama ndugu yake, ambaye kamasi zilikuwa zinamtoka kama mtoto. "Huyu alijua kila siku, na akala."

Akamsogezea gilasi ya maji, sasa. Kisha akamwambia Sellah, "Keti. Na usifunge hivyo, utaivunja. Nionyeshe inavyoliwa."

"Mama Timothy, si lazima."

"Nimesema nionyeshe."

Sellah alikaa ukingoni mwa kiti. Alifuta mikono kwenye abaya, akachagua kiazi kitamu kidogo ambacho bado kilikuwa na joto, akakimenya, akakikata, na juu ya kipande akaweka kimchi kiasi cha ukucha. "Ukianza na kiazi," alisema, na alipokuwa akisema sauti yake ikajikusanya, "utamu wake unapokea ukali kabla haujakufika. Hii imeiva sana kwa safari, ingetaka kukaangwa. Ikiwa changa ndiyo ya kula na nyama ya mafuta. Na mayai hivi, katikati. Kijiko kiwe kikavu kila ukichota, ama itaharibika. Hii kidogo tu. Tafadhali usitie nyingi."

Jerioth alipokea. Alifumba macho, midomo ikatembea kimyakimya, labda sala nyingine, akatia mdomoni. Sellah alihesabu kutafuna kwake kama mshtakiwa anavyohesabu hatua za hakimu.

Jerioth alimeza. Akakohoa. Akachukua kiazi kingine, akajiwekea mwenyewe.

"Chumvi imezidi," alisema.

Kabla hawajajua kama wacheke, adhana ya alasiri ilianza msikiti wa karibu, na papo hapo simu ya Alfayo ikalia. Madamu. "Yalla, Alfayo, wewe wapi? Gari wapi?" Sauti ilisikika mpaka kwa Sellah. Alfayo alijibu tayari madamu, sasa hivi madamu, na kwikwi ikamtoka katikati ya madamu ya pili. Sellah alikuwa ameshasimama. Wakichelewa hatapewa ruhusa nyingine, na huenda madamu akauliza huyo shangazi ni shangazi wa upande gani.

"Ngojeni," Jerioth alisema. Naye alikuwa ameshika simu yake. "Mama yuko nyumbani saa hii. Nikimwacha mpaka kesho mtu mwingine atampigia kabla yangu."

Aliongea Kimaragoli, haraka, amesimama dirishani na mgongo wake kwao. Sellah hakufahamu neno. Alisikia jina la Nehemiah, alisikia jina la Rael, akasikia jina lake mwenyewe mara moja tu, kisha kimya kirefu, mama akisema kitu upande wa pili. Alfayo alikuwa amekaza macho kwenye mgongo wa dada yake, na uso wake haukumpa Sellah chochote. Jerioth alisema sentensi moja ya mwisho akakata simu.

Sellah alinyoosha mkono achukue chupa yake. Kwao mgeni aliyekataliwa huondoka na alichokuja nacho, na alitaka aichukue mwenyewe kabla hajakabidhiwa. Mkono wa Jerioth ulitangulia.

"Nendeni. Mtafukuzwa kazi hapa mbele yangu," alisema, akiwasukuma kwenye ngazi. "Ndugu yangu ana mdomo, atakuambia."

Mlango wa kijani ukafungwa. Ndani mlango wa friji ulisikika ukifunguliwa, kisha ukafungwa.

*

Alfayo aliendesha kwa kasi. Sellah alikuwa kiti cha nyuma upande wa kulia, mikono mitupu mapajani, asijue aiweke wapi. Kwenye kioo aliyaona macho bado mekundu.

"Amesema nini?"

"Nani?"

"Alfayo, nitashuka."

"Wewe bado umenikasirikia."

"Nimekukasirikia sana. Nikirudi nitakupelekea sinia la wali mtupu mpaka usafiri. Amesema nini?"

"Dada amesema umwoshee kitambaa chake. Kimebaki kimeloweshwa, utakiona ukija."

"Ukija lini?"

"Hajasema lini."

Taa ilikuwa nyekundu. Mbele yao barabara ilikuwa imeanza kuamka, maduka yakifungua milango. Hofu yote ya Sellah ikamrudia kwa mara moja, ile ya tangu asubuhi na ile ya tangu Riyadh. Kuosha kitambaa si ndoa. Hata mfanyakazi huosha vitambaa.

"Na mama?" aliuliza. "Mama amesema nini?"

Alfayo hakutumia kioo. Aligeuka kwenye kiti, mwili mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ndani ya gari lile, akamtazama uso kwa uso. Gari la nyuma lilianza kupiga honi.

"Ameuliza huko Litein baridi yake ni ya namna gani," alisema. "Anataka kujua kama siku hiyo abebe sweta."